Bakuli la Mchana na Maneno ya Watu: Dhana Potofu Kuhusu Kula Vizuri na Kuandaa Chakula Mapema

Nilipoanza kubeba chakula cha mchana kutoka nyumbani, hapa Tabora mjini, swali la kwanza ofisini halikuwa "umepika nini?" Lilikuwa "umepimwa ukakutwa na nini?" Kwa wenzangu, mtu mzima akionekana na bakuli basi lazima kuna cheti cha hospitali kimefichwa mahali. Kweli presha yangu ilikuwa imepanda kidogo. Lakini kilichonichosha zaidi ni kula chipsi mayai siku nne kwa wiki, kwa sababu tu saa saba mchana ilikuwa inanikuta sijui nitakula nini. Elimu ya lishe nilikuwa nayo ya kutosha tangu shule ya msingi. Kilichokuwa kinanishinda ni hiyo saa saba.

Tangu siku ile nimesikia mengi juu ya bakuli langu. Mengine yana ukweli nusu, mengine hayana hata robo, na moja linaweza kumlaza mtu hospitali.

"Kuandaa chakula cha wiki ni mambo ya Wazungu, na bila friji huwezi"

Aliyesema hivi ni Mnyamwezi mwenzangu, ndiyo maana niliudhika. Bibi yangu kule Sikonge hakuwahi kumiliki friji. Mvua zikishakatika na viazi vitamu vikishachimbwa, ua mzima ulikuwa umetandazwa vipande vyeupe, na sisi wajukuu kazi yetu kufukuza kuku na mbuzi. Viazi vilivyomenywa, vikakatwa vibichi na kuanikwa, ndiyo michembe. Vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa, ndiyo matobolwa. Majani ya kunde nayo yalipitishwa kwenye maji ya moto, yakaanikwa, yakawa nsansa ya kuunga kwa karanga mwezi wa kumi, wakati mboga mbichi inatafutwa kwa tochi. Bibi alikuwa anapanga chakula cha nusu mwaka. Mimi napanga cha siku tano na watu wananishangaa.

Na ilikuwa inafanya kazi kwa sababu iliyo wazi: chakula huozeshwa na vijidudu, na vijidudu haviwezi kuongezeka pasipo maji. Michembe iliyokauka barabara ukiivunja inatoa mlio. Ile inayopinda bila kuvunjika itaota ukungu ghalani. Ipo hasara, sikatai. Jua kali hupunguza vitamini A na C, na ndiyo maana majani ni afadhali yaanikwe kivulini penye upepo kuliko juani. Wanga, nyuzinyuzi na madini hubaki kwa sehemu kubwa.

Kwa hiyo asiye na friji leo asijidanganye kupika maharage Jumapili ya kula hadi Alhamisi. Aandae vikavu. Mwaka wangu wa kwanza ndivyo nilivyofanya: Jumapili jioni nachambua sado nzima ya maharage, vijiwe vyote vinatoka, nagawa kwenye makopo yenye mifuniko, kila kopo mlo mmoja. Natwanga karanga za siku tatu nne tu, maana karanga zilizotwangwa hazichelewi kuchacha. Halafu karatasi ya daftari ukutani: siku gani, mboga gani. Usiku wa kuamkia siku ya kupika, kopo moja linamwagwa kwenye maji. Niligundua kwamba kupika kwenyewe hakukuwa kunanishinda kamwe. Kilichokuwa kinanipeleka kwenye chipsi ni kule kuchambua maharage saa moja jioni, nimechoka, taa yenyewe hafifu.

Wapo wanaosema maharage yakilowekwa virutubisho vyote vinamwagwa na maji. Kinachopotea ni kidogo. Kinachopatikana ni kikubwa: yanaiva haraka, mkaa unabaki, na zile sukari zinazojaza tumbo gesi zinapungua. Mwaga maji ya kulowekea, weka mapya, na yachemke kwa nguvu, yaruke kabisa, angalau dakika kumi kabla hujapunguza moto. Maharage mekundu hasa yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko huo. Moto wa kubembeleza tangu mwanzo hautoshi.

"Kiporo ukikichemsha vizuri hakina neno"

Hili ndilo lililonilaza mimi.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kumi, na anayeijua Tabora anajua joto la mwezi wa kumi. Nilipika sufuria kubwa la wali, tukala, lililobaki likakaa na mfuniko wake juu ya jiko ambalo mkaa wake ulikuwa umezimika. Kesho yake mchana nikaupasha hadi ukatoa moshi, nikala kwa furaha na mchuzi wa migebuka. Baada ya saa tatu nilikuwa nimeinama nyuma ya nyumba natapika, na niliendelea hadi magharibi.

Wali una bakteria wake, Bacillus cereus, anayeishi udongoni na kuja na mchele. Akipikwa anakufa, lakini anaacha mbegu ngumu zisizokufa kwa mchemko. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi, mbegu zile zinaamka, bakteria wanazaana na kutoa sumu. Sumu ile haivunjiki kwa kupasha. Unaweza kuuchemsha wali hadi ugeuke uji, bado itakuwepo. Kwa hiyo usalama wa kiporo unaamuliwa usiku ule kilipolala, wakati wa kupasha asubuhi ni kuchelewa.

Haina maana wali wa kiporo na chai ya rangi upigwe marufuku. Mimi mwenyewe ni shabiki. Mwenye friji aupoze haraka: umwage kwenye sinia utandae, usiachwe mlima katikati ya sufuria, na ndani ya saa mbili tangu uive uwe umeshaingia ndani. Mama mmoja jirani yangu anaamini kwamba chakula chenye joto kikiingia kwenye friji kinaharibika, basi anakiacha mezani hadi anapokwenda kulala. Ni kinyume chake. Kikishapungua moshi, kiingie. Kwenye friji yenye baridi ya nyuzi 4 au 5, chakula kilichopikwa kinakaa siku tatu hadi nne, na kinapashwa mara moja tu, kile unachokila, kiwe cha moto hadi katikati.

Umeme ukikatika, usifungue friji kila dakika kuangalia kama kuna baridi bado. Ikiwa imefungwa, hukaa salama kama saa nne. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa huhimili hadi siku mbili, nusu ikiwa tupu ni siku moja. Mimi maharage yaliyopikwa nayagandisha kwenye vibakuli vidogo, na hiyo ndiyo sababu ya kuweza kupika Jumapili na kula Ijumaa.

Asiye na friji apike kinachoisha. Hotpoti nzuri inatunza joto la asubuhi hadi mchana, mradi chakula kiingie kikiwa kinachemka na hotpoti yenyewe iwe imetiwa maji ya moto kwanza.

"Asali yetu haina sukari, hata mwenye kisukari anaruhusiwa"

Hapa najua nitagombana na watu, maana asali kwa Tabora ni heshima ya mkoa. Misitu ya miombo tunayo, mizinga tunayo, hata Chuo cha Nyuki kiko hapahapa. Mimi nanunua ya kutoka Sikonge na sijaona mfano wake. Lakini asali takribani asilimia 80 ya uzito wake ni sukari, fruktosi na glukosi kwa wingi, na kinachobaki karibu chote ni maji. Kijiko kimoja cha chakula kina gramu kama 17 za sukari. Shirika la Afya Duniani linaihesabu asali kundi moja na sukari ya kwenye chai, na linashauri sukari za namna hiyo zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambazo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50; zikipungua hadi 25 ni bora zaidi. Vijiko vitatu vya asali kwenye uji wa asubuhi, umeshaimaliza ile 50.

"Lakini hii ni ya nyuki wadogo!" Nayo ina sukari. "Lakini ni mbichi, haijapikwa!" Nayo. Kwa mwenye kisukari inapandisha sukari ya damu, na wakati pekee ambapo jambo hilo linatakiwa ni pale sukari yake imeshuka ghafla na anatetemeka. Na maji ya moto yenye limau na asali alfajiri hayayeyushi kitambi. Ni kinywaji kitamu, basi.

Jambo moja zaidi kuhusu asali, maana nimeona watu wakimlambisha mtoto mchanga kwenye arobaini yake: mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe kabisa, hata tone. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo lake changa haliwezi kuzizuia, na sumu yake hulegeza misuli, hata ya kupumulia.

"Ukitaka kupungua, acha ugali"

Nimemwona kaka mmoja ofisini akiacha ugali kwa wiki mbili, akawa mkali kama pilipili, wiki ya tatu akarudi na ugali wa watu wawili. Tatizo la sahani zetu ni mlima wa ugali na kijiko cha mboga pembeni kama pambo. Geuza: nusu ya sahani iwe mboga, mlenda, matembele, kisamvu, chochote kilichopo gengeni, robo iwe ugali, kama ngumi yako, robo iwe maharage, samaki, dagaa au yai. Ugali unabaki, heshima yake inapungua.

Na wanaosema "basi hamia dona, dona haina madhara", ngoja kidogo. Dona ina nyuzinyuzi na vitamini ambazo sembe imezipoteza, hilo kweli. Lakini unasaga punje nzima, na kama punje ina ukungu unasaga na ukungu wake. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, na sumu hiyo haitoki kwa kuchemsha ugali. Chagua mahindi kwa mkono, toa yaliyobadilika rangi, yaliyovunjika na yaliyotobolewa, ndipo upeleke mashineni. Pia usisage gunia. Kiini cha hindi kina mafuta, na unga wa dona huanza uchungu mapema. Debe moja kwa wakati linatosha nyumba ya kawaida.

"Mawese yanaganda, kwa hiyo yanagandia kwenye mishipa"

Asubuhi za mwezi wa saba, mawese yaliyoshuka na treni kutoka Kigoma yanaganda kwenye dumu hadi uyachote kwa kijiko. Hiyo ni kwa sababu karibu nusu yake ni mafuta yaliyoshiba, na mwilini hayagandi kama dumuni. Kolestro hayana, hakuna mmea wenye kolestro ya kuhesabika. Ila mafuta yaliyoshiba yakizidi yanapandisha kolestro unayoitengeneza mwenyewe, kwa hiyo kijiko, si upawa. Wekundu wake ndio unaobeba malighafi ya vitamini A. Anayeyachoma hadi yawe meupe, ule uzuri ameuchoma.

"Kula vizuri ni kwa wenye hela"

Wenye kusema hivi huwa wanafikiria tufaa za kutoka nje na shayiri ya kwenye boksi. Mpango wangu wa wiki ni maharage, kunde, karanga, dagaa, mayai, mboga za genge, uyoga mvua zikianza, na embe kuanzia mwezi wa kumi na moja, ambapo Tabora hata asiyenunua anakula embe. Nilipiga hesabu ya mwezi mmoja: bakuli lilinigharimu pungufu ya chipsi. Hesabu yako unaweza kuipiga mwenyewe kwa bei za soko lako.

Chumvi ndiyo iliyonipa kazi, si hela. Kiwango cha siku ni chini ya gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha na ile ya ndani ya samaki wa chumvi na vile vidonge vya kiungo cha mchuzi. Nilianza kwa kutoa saltishaka mezani. Hakuna kingine nilichobadili mwezi ule.

"Maharage yanaongeza damu, kwa hiyo yatosha"

Madini ya chuma kwenye maharage yapo, ila mwili unayapokea kwa shida. Limau lililokamuliwa juu yake, au kipande cha embe bivu au chungwa kwenye mlo huohuo, husaidia sana kuyaingiza. Chai hufanya kinyume: ikinywewa pamoja na chakula, inayashika madini yale yapite tu. Afadhali isubiri saa moja.

Hili nalijua vizuri, na bado linanishinda. Chupa ya chai inapita ofisini kwetu saa saba na nusu, ndiyo kwanza nafunika bakuli, na mama anayeipitisha tayari ananimiminia bila kuuliza. Wiki hii nimemwambia "mama, nirudie saa tisa" mara mbili. Mara tatu nilikunywa.