Kabla ya Kukubali Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Maswali na Majibu

Nitajuaje kama unene wangu umefikia kiwango cha kuhitaji upasuaji?

Daktari huanza na uwiano wa uzito na urefu, unaojulikana zaidi kama BMI, ambao hupatikana kwa kugawanya uzito kwa kilo kwa kipeo cha pili cha urefu kwa mita. Mtu mwenye urefu wa mita 1.65 hufikia BMI ya 35 akiwa na kilo 95 hivi, na hufikia 40 akiwa na kilo 109. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 1991, uliofuatwa kwa muda mrefu katika nchi nyingi, ulipendekeza upasuaji kwa mwenye BMI ya 40 na kuendelea, au 35 ikiwa tayari ana maradhi makubwa yanayohusiana na unene. Mwaka 2022 vyama viwili vya madaktari wa fani hii, kimoja cha Marekani na kingine cha kimataifa, vilishusha viwango hivyo: 35 hata kama hakuna maradhi mengine, na 30 kwa mwenye kisukari cha aina ya pili. Kwa watu wenye asili ya Asia viwango ni vya chini zaidi, kwa sababu madhara ya unene huwaanza mapema.

Namba hiyo peke yake haitoshi kuamua. Watu wawili wenye BMI ya 38 wanaweza kuwa na mahitaji tofauti kabisa, ikiwa mmoja hana maradhi yoyote na mwenzake ana kisukari, shinikizo la juu la damu na tatizo la pumzi kukatika usingizini.

Je, kuchagua upasuaji ni kukiri kwamba nimeshindwa kujizuia?

Hapana, na jibu hili ningeomba lisomwe bila haraka. Mtu anapopungua kwa kujinyima chakula, mwili hujihami kana kwamba umepatwa na njaa: homoni za kuchochea njaa huongezeka, zile za kuleta shibe hupungua, na nishati inayotumika hata wakati wa mapumziko hushuka. Ndiyo maana kilo zilizopotea kwa jasho hurudi, hata kwa watu wenye bidii isiyotiliwa shaka. Wengi hufika kwa daktari wakiwa wamebeba maneno makali ya ndugu zao, na wakati mwingine ya wahudumu wa afya wenyewe. Mtu anayeamua akiwa na aibu huweza kukubali jambo asilolielewa, ilimradi asemwe vizuri, au akakataa tiba ambayo ingemfaa.

Daktari hufanya nini hasa?

Upasuaji unaofanywa zaidi ni wa aina mbili, na zote kwa kawaida hufanywa kupitia matundu madogo tumboni, mgonjwa akiwa amepewa nusukaputi. Katika aina ya kwanza, takriban robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi hukatwa na kuondolewa, ukabaki kama mrija mwembamba, na kilichoondolewa hakirudishwi tena. Katika aina ya pili, daktari hutenga kifuko kidogo sehemu ya juu ya mfuko wa chakula na kukiunganisha na utumbo mwembamba, hivyo chakula hakipiti tena katika sehemu kubwa ya mfuko huo wala mwanzo wa utumbo. Mwenye kiungulia kikali amwambie daktari mapema, kwa kuwa aina ya kwanza huweza kukizidisha.

Kuwa na tumbo dogo ni sehemu tu ya maelezo. Upasuaji hubadilisha pia homoni zinazopeleka habari za njaa na shibe kwenye ubongo, na hivyo wengi husema kwamba hamu ya kula yenyewe imetulia.

Je, kisukari changu kitapona?

Kwa wengi wenye kisukari cha aina ya pili, sukari hushuka ndani ya siku au wiki chache, hata kabla uzito haujapungua sana. Utafiti mkubwa ulioanza Sweden mwaka 1987 ulionyesha baadaye kwamba vifo vilikuwa vichache miongoni mwa waliopasuliwa kuliko kwa wenzao waliopata matibabu ya kawaida. Hata hivyo, ni sahihi zaidi kusema kwamba kisukari hutulia, kwa sababu huweza kurudi baada ya miaka, na matumaini ni makubwa zaidi kwa mtu ambaye hajaugua muda mrefu na hajaanza kutumia insulini.

Hatari ya upasuaji ni kubwa kiasi gani?

Katika hospitali zenye uzoefu, hufariki takriban mtu 1 kati ya 1,000 ndani ya siku 30 baada ya upasuaji. Madhara makubwa ya mapema ni kuvuja mahali paliposhonwa, kutokwa damu, na damu kuganda kwenye mishipa ya miguu kisha kusafiri hadi mapafuni. Homa, mapigo ya moyo ya kasi, maumivu makali ya tumbo au kupumua kwa shida ni sababu za kurudi hospitali siku hiyohiyo.

Maisha yangu yatabadilika vipi baadaye?

Hapa ndipo ningependa kila anayefikiria upasuaji akae muda mrefu zaidi, kwa maana siku ya upasuaji hupita, ilhali mfuko wa chakula uliobadilishwa utakuwa wako maisha yote. Utakula kidogo kidogo, ukitafuna sana na kutanguliza vyakula vyenye protini, na kwa kawaida hutashushia chakula kwa kinywaji. Vyakula vyenye sukari nyingi, hasa baada ya upasuaji wa aina ya pili, huweza kuleta kizunguzungu, jasho, mapigo ya moyo ya kasi na kuharisha.

Vitamini na madini, yakiwemo chuma, kalsiamu, vitamini D na B12, huhitajika kila siku bila kikomo, pamoja na kupimwa damu mara kwa mara, kwa sababu upungufu wake huanza kimyakimya na huweza kudhuru damu, mifupa na neva. Mtu anayetapika mfululizo asingoje miadi, kwani upungufu wa vitamini B1 huweza kudhuru ubongo ndani ya wiki chache. Dawa za maumivu kama aibuprofeni na diklofenaki kwa kawaida hukatazwa baada ya upasuaji wa aina ya pili, kwa kuwa huleta vidonda, na sigara vilevile. Pombe hulevya haraka kuliko zamani, na wapo ambao matatizo ya ulevi yamewaanza baada ya upasuaji.

Nywele huweza kunyonyoka katika miezi ya mwanzo, mawe huweza kutokea kwenye nyongo, na ngozi iliyolegea hubaki ikining'inia. Sehemu ya uzito hurudi kwa baadhi ya watu.

Vipi kuhusu sindano mpya za kupunguza uzito?

Dawa kama semaglutaidi hupunguza uzito kwa kiasi kikubwa, na ni haki yako kuelezwa habari zake kabla ya kuamua. Zikiachwa, uzito kwa kawaida hurudi, hivyo nazo hudai mpango wa muda mrefu.

Ninataka kuzaa. Nisubiri?

Wanawake hushauriwa kungoja miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji kabla ya kubeba mimba. Uwezo wa kushika mimba huweza kurejea haraka uzito unapopungua, na vidonge vya uzazi wa mpango huenda visitegemewe baada ya upasuaji wa aina ya pili, kwa hiyo zungumza mapema kuhusu njia nyingine.

Nani anapaswa kuahirisha?

Aahirishe mtu ambaye bado anavuta sigara, mwenye sonona au tatizo la ulaji lisilotibiwa, na yule ambaye hana mahali pa kufuatiliwa baada ya kuruhusiwa. Muulize daktari amefanya upasuaji huu mara ngapi, wagonjwa wake hupata madhara gani, na nani atakuona baada ya miaka mitano. Akikwepa maswali haya, tafuta maoni ya daktari mwingine. Kutia sahihi fomu ya ridhaa pia hakukufungi: unaweza kubadili uamuzi wakati wowote kabla ya kupewa nusukaputi, na bado una haki ya kuendelea kutibiwa unene wako kwa njia nyingine.