Je, wajua kwa nini uji wa ulezi alioubakiza mtoto hugeuka maji?

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anapewa bakuli la uji mzito wa ulezi (wengine huuita wimbi). Anakula nusu, kijiko kikiingia na kutoka mdomoni, kisha anachoka. Baada ya dakika 20, ule uji uliokuwa umeng'ang'ania kijiko umekuwa majimaji. Uliobaki kwenye sufuria haujabadilika hata kidogo. Unga hauna kosa, wala aliyepika. Ni mate.

Mate yana kimeng'enya kiitwacho amilesi, na kazi yake ni kukata wanga. Wanga ni minyororo mirefu ya sukari iliyobanwa ndani ya chembe ndogo sana. Unga ukipikwa, chembe hizo hunywa maji, huvimba na kubanana, ndipo uji unakuwa mzito. Amilesi ikiingia, minyororo inakatwakatwa na maji yaliyokuwa yamenaswa yanaachiwa. Uji unalegea, tena unapata utamu kidogo, lakini chakula hakijapotea: unga ni uleule na kalori ni zilezile. Mabaki hayo yamwage hata hivyo, maana mate hayaingii bakulini bila vijidudu.

Jambo hilo linamfaa mpishi kuliko linavyoonekana. Tumbo la mtoto wa kilo 10 hubeba kama mililita 300 tu kwa mlo mmoja. Vijiko 2 vya chakula vya unga, vilivyosawazishwa, ni kama gramu 16. Ukivipika kwa kikombe cha maji cha mililita 250 utapata uji wa kunyweka vizuri, wenye kalori 50 hivi. Tia vijiko 6 kwenye maji yaleyale, kalori zinafika 160, ila sasa mwiko unasimama wenyewe na mtoto anautema. Wengi hapo huongeza maji. Mtoto anashiba, naam, lakini ameshiba maji.

Njia ya kutoka hapo ni kimea. Punje ya ulezi inapochipua hutengeneza amilesi yake yenyewe ili mche upate kula akiba ya wanga iliyomo ndani. Ukiukausha ulezi huo na kuusaga, una unga unaofanya kazi ileile ya mate, bila mate.

Chagua ulezi, toa mawe, uoshe mpaka maji yatoke safi. Uloweke saa 12, umwage maji, kisha uutandaze kwenye kitambaa safi chenye unyevu na kuufunika kwa kingine. Nyunyizia maji asubuhi na jioni. Kwa siku 2 hivi, penye joto la kawaida, vimizizi vitafika urefu wa sentimita moja. Usingoje majani ya kijani, kwani mche unazidi kula akiba. Anika juani kwa tabaka jembamba mpaka punje ing'atwe na kulia "kacha", ufikiche ili vimizizi vidondoke, upepete, usage. Kundi lililoota ukungu au linalonuka uvundo litupwe lote. Sumu za ukungu haziondoki kwa kupikwa, na kuchagua punje zinazoonekana nzuri hakusaidii.

Onyo moja kuhusu nafaka ya jirani: mtama nao hutoa kimea, lakini machipukizi na vimizizi vyake vina kemikali inayozalisha sumu iitwayo sianidi. Kwa kimea cha mtoto, ulezi ndio chaguo salama zaidi.

Sasa kupika. Koroga vijiko 6 vya unga wa kawaida wa ulezi kwenye maji baridi kidogo ili usifanye madonge, mimina kwenye maji yanayochemka (jumla yawe kikombe kimoja), pika dakika 10 hadi 15 ukikoroga. Usiogope uzito wake. Epua, acha wazi kama dakika 5 ukikoroga mara mojamoja, kisha tia kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea na ukoroge vizuri. Ndani ya dakika 5 hadi 10 uji utalegea mbele ya macho yako. Urudishe motoni uchemke dakika 5.

Hatua mbili kati ya hizo ndizo zinazoharibiwa mara nyingi. Ya kwanza ni kutia kimea kwenye uji unaochemka. Amilesi ya kimea hupenda nyuzi joto 60 hadi 70. Kwenye 100 inakufa kabla haijakata chochote. Ndiyo maana pia kimea kilichokaangwa ili kinukie vizuri hakilegezi uji: ni kitamu, lakini kimekufa. Ya pili ni kuacha kuuchemsha tena. Nafaka inayochipua hukaa siku 2 katika joto na unyevu, mazingira ambayo vijidudu huyapenda kuliko yote, na kuanika hakuviui vyote. Uji usipolegea baada ya dakika 10, basi ama ulikuwa moto mno, ama ulishapoa, ama kimea kimekaa sana.

Kuloweka na kuchipuza kuna faida nyingine. Ulezi una kalsiamu nyingi kuliko nafaka nyingi, takriban miligramu 340 kwa gramu 100, na mtoto wa mwaka 1 hadi 3 huhitaji kati ya 500 na 700 kwa siku. Lakini punje pia ina fitati, ambayo hushika madini, hasa chuma na zinki, yakapita tumboni bila kufyonzwa. Kuchipua hupunguza fitati. Kwa kuwa kijiko kimoja cha kimea hakiwezi kupunguza fitati ya uji mzima, afadhali hata ulezi wa unga wa kawaida uloweshwe usiku kucha, maji yamwagwe, uanikwe ndipo usagwe. Tunda lenye vitamini C, kama chungwa au papai, baada ya uji husaidia chuma kufyonzwa. Chai hufanya kinyume.

Kijiko kimoja cha chai cha mafuta huongeza kalori 40. Karanga zisagwe laini kabisa, kamwe zisiwe nzima, zisije zikampalia. Ule unga wa lishe wenye nafaka na mbegu saba au nane hatuupendekezi: kila kitu kina muda wake wa kuiva, soya ikisagwa mbichi huzuia protini kumeng'enywa, na mafuta ya karanga huufanya unga uchache mapema. Changanya sufuriani, siyo kwenye kopo.

Siku mtoto akiugomea uji, ponda ndizi moja mbivu, changanya na yai moja, nusu kikombe cha unga wa ulezi na robo kikombe cha maziwa. Pumzisha rojo dakika 15, kwa sababu ulezi hunywa maji polepole na usipopumzishwa chapati huwa na chengachenga. Mwaga vijiduara vya upana wa kiganja cha mtoto kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, moto mdogo, dakika 2 hadi 3 kila upande. Ulezi hauna gluteni, ile protini inayoushikanisha unga wa ngano, hivyo chapati kubwa itakatika ukiigeuza.