Kwa Nini Gari Huchelewa Kusimama Likifungwa Matairi Makubwa?

Swali hili huanza kama lalamiko. Mwenye SUV amevua matairi ya kiwandani, amefunga mengine mapana yenye meno ya kutisha, gari limenyanyuka na kupendeza. Siku ya tatu yuko kwa fundi: breki zimekuwa laini. Fundi anafungua magurudumu, anakagua pedi, anapitisha kidole kwenye diski, anatoa upepo kwenye mfumo. Hakuna kilichoharibika. Breki ni zilezile za wiki iliyopita. Kilichobadilika ni umbali kutoka kitovu cha gurudumu hadi ardhini, na umbali huo una deni lake.

Fikiria spana. Nati ikigoma, unatafuta spana yenye mpini mrefu, au unachomeka bomba kwenye mpini ulio nao, na nati inalegea. Tairi ni mpini wa aina hiyo. Tofauti ni kwamba anayeushika mpini huu ni barabara, na kinachojaribu kuizuia nati isizunguke ni breki zako. Ukiurefusha mpini, umeisaidia barabara.

Tuweke hesabu. Chukua tairi lililoandikwa 265/70R17 ubavuni. 265 ni upana kwa milimita. 70 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, yaani milimita 185.5. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Jumlisha rimu na ubavu wa juu na wa chini, unapata kipenyo cha karibu milimita 803. Sasa weka 285/70R17. Ile 70 imebaki palepale, na hapo ndipo wengi hudanganyika wakadhani wameongeza upana tu. Kumbe ubavu nao umekua, kwa kuwa ni asilimia ya upana uliokua. Kipenyo kimefika milimita 831. Tairi limerefuka kwa asilimia 3.5, na nguvu ya kusimamisha inayofika ardhini kwa mkanyago uleule imepungua karibu kiasi hichohicho.

Asilimia 3.5 si kitu, utasema. Ngoja kwanza tuangalie spidomita, ambayo huhesabu mizunguko ya gurudumu na haina habari kwamba kila mzunguko sasa unakwenda mbali zaidi. Ikikuonyesha 100, kama awali ilikuwa sahihi, wewe uko kwenye 103.5. Nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo gari limebeba asilimia 7 zaidi ya unavyodhani, na breki zenyewe zimepungukiwa. Ukizidisha yote, mguu uliozoea kukanyaga kiasi fulani kwenye 100 utalisimamisha gari umbali ambao ni mrefu kwa asilimia 11 hivi. Ukipanda hadi tairi la inchi 35 kwenye gari hilohilo, hesabu ile inakupa zaidi ya theluthi moja ya ziada. Lile lalamiko kwa fundi lilikuwa la kweli kabisa.

Na hapo sijagusa uzito. Tairi la matope lenye ubavu mnene linaweza kulizidi la kiwandani kwa kilo 8 hadi 10. Uzito huo si sawa na mzigo uliowekwa buti, kwa sababu tairi husonga mbele na wakati huohuo linazunguka. Kilo iliyo kwenye meno ya tairi, pembeni kabisa mwa mzunguko, inadai nishati karibu mara mbili ya kilo iliyokaa kwenye kiti, kuikimbiza na kuisimamisha pia.

Kuna atakayesema: mimi nitakanyaga kwa nguvu zaidi. Ni kweli, na katika breki ya ghafla mifumo mingi bado ina uwezo wa kulifunga gurudumu lisizunguke kabisa. Lakini gurudumu likishafungwa, au ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasifungwe, ikianza kutetemesha pedeli, mwamuzi si breki tena. Mwamuzi ni mpira ulio chini, na ndiyo maana meno ya tairi ni suala la breki kama zilivyo pedi.

Tairi la matope lina mabonde mapana kati ya meno ili lijisafishe likizunguka. Mabonde hayo ni mpira usiogusa lami. Kwenye lami kavu utavumilia, ila lami ikilowa utaona tofauti, maana meno makubwa hujipinda na mpira unaogusa ni mchache. Tairi la njia zote, lile la meno yaliyosogeleana yenye vijichale vyembamba juu yake, hupoteza kidogo kwenye tope zito na kurudisha kingi kila mahali pengine. Kama robo tatu ya safari zako ni lami, tairi la matope ni pambo lenye kelele. Nasema hivyo nikijua nitachukiwa.

Changarawe ina ajabu yake. Gurudumu lililofungwa juu ya kokoto au mchanga hujirundikia kilima kidogo mbele yake, na kilima hicho hulisaidia kusimama. ABS hailiachi gurudumu lifungwe, kwa hiyo kwenye ardhi legevu gari lenye ABS linaweza kusimama mbali zaidi kuliko lisilo nayo. Unachopata badala yake ni usukani unaoendelea kutii, na binafsi nauchukua usukani. Muhimu ni kuacha nafasi zaidi mbele yako.

Kabla ya kuliacha tairi, soma maandishi yanayofuata ukubwa. Utakuta kitu kama 121/118Q. 121 ni faharasa ya mzigo, na maana yake ni kilo 1,450 kwa tairi moja likiwa na upepo kamili. 118 ni ya magari yenye matairi pacha nyuma, haikuhusu. Q ni kikomo cha kasi, kilomita 160 kwa saa. Usishuke chini ya faharasa ya mzigo ya kiwandani, hata kama bei inavutia. Tafuta pia tarakimu nne kwenye kijiduara mwishoni mwa maandishi ya DOT: 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Meno yanaweza kuwa marefu kama ya jana huku mpira umeshakauka.

Sasa rimu, ambako kuna mvutano usioisha. Njia mbovu inataka rimu ndogo. Rimu ikiwa ndogo, ubavu wa tairi unakuwa mrefu, na ubavu mrefu ndio unaokuruhusu kupunguza upepo kutoka psi 35 hadi 18 mchangani ili tairi lilale, lirefushe wayo wake na kuelea badala ya kuchimba. Ubavu huohuo ndio unaomeza pigo la jiwe kabla halijafika kwenye chuma. Breki nazo zinataka kinyume: diski kubwa na kalipa nene (kifaa kinachozibana pedi kwenye diski), na hizo zinadai rimu yenye nafasi ndani. Ndiyo sababu huwezi kuamka tu ukashusha SUV yenye breki kubwa kutoka rimu ya 18 hadi ya 16. Kalipa itagonga.

Fundi mmoja ninayemjua hapendi kubahatisha hapa. Anabandika vipande vya udongo wa kuchezea watoto juu ya kalipa, anafunga rimu, anaizungusha taratibu kwa mkono mara moja, kisha anaivua. Udongo uliobonyea unamwonyesha nafasi iliyobaki. Ukibaki na unene chini ya milimita 3, anairudisha rimu kwa mwenyewe bila maneno mengi. Sababu yake ni kokoto: kikokoto kinachokwama kati ya kalipa na rimu husaga sehemu ya ndani ya rimu kama patasi, na dereva husikia mlio tu asijue unatoka wapi.

Ukubwa wa rimu ni sehemu ndogo ya mambo. Kuna matundu ya nati: rimu ya 6x139.7 ina matundu sita yaliyopangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 139.7, na ile ya 6x135 haiingii hata ukibembeleza. Kuna tundu la katikati, ambalo linatakiwa likae sawasawa kwenye kitovu. Kuna umbo la kikalio cha nati, la mteremko au bapa; nati ya mteremko kwenye kikalio bapa hugusa ukingoni tu, na hulegea barabarani. Na kuna ofuseti, ile ET iliyochongwa nyuma ya rimu, inayoeleza uso unaokaa kwenye kitovu uko umbali gani kutoka katikati ya upana wa rimu. Ukipunguza ofuseti, magurudumu yanatoka nje na gari linaonekana limejikita. Lakini beringi zinabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi, na ukishika breki upande mmoja ukiwa kwenye lami na mwingine kwenye kokoto, usukani unavutwa kwa nguvu ambayo hukuizoea. Tofauti ya milimita chache gari litavumilia. Milimita 40 ni gari jingine.

Chuma au aloi? Rimu ya chuma ikipigwa na jiwe hupinda, na mara nyingi hunyooshwa kwa nyundo ukaendelea na safari. Aloi ni nyepesi na huwa nadhifu, ila pigo kali huipasua. Kwa anayekwenda mbali na gereji, chuma bado kina hoja.

Tuje kwenye joto, maana breki kazi yake yote ni kugeuza mwendo kuwa joto. Gari la kilo 2,500 likisimama kutoka kilomita 100 kwa saa hutoa joto la kutosha kuchemsha karibu lita 3 za maji baridi. Sasa literemshe mlima wenye kimo cha mita 300 kwa mwendo usioongezeka: hapo kuna joto la lita 22. Injini na upepo hubeba sehemu, zinazobaki ni za diski. Na yale matairi makubwa yamerefusha gia zako kwa kiasi kilekile yalivyorefusha mpini, hivyo injini nayo inalizuia gari kwa nguvu pungufu kuliko awali. Ndiyo maana wanaopanda hadi inchi 35 hubadilisha na meno ya difu, yaani gia zinazopeleka nguvu ya injini magurudumuni.

Kwa hiyo anza na kitu cha bei ndogo: mafuta ya breki. Hunyonya unyevu polepole hata gari likiwa limeegeshwa. DOT 4, daraja mojawapo la mafuta hayo, yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi; yakishanywa maji, kiwango chao kinashuka hadi nyuzi 155. Yakichemka hutoa mapovu, mapovu hubonyezeka, na pedeli inazama hadi sakafuni katikati ya mteremko. DOT 5.1 yana kiwango cha nyuzi 260 yakiwa mapya na huchanganyika na DOT 4. DOT 5 bila ile .1 ni silikoni, usiyachanganye kamwe.

Kisha pedi. Nyingi zina herufi mbili ubavuni, kwa mfano FF au GF. Ya kwanza ni ushikaji wa kawaida, ya pili ni ushikaji zikiwa za moto. E ni kipimo cha msuguano kati ya 0.25 na 0.35, F hadi 0.45, G hadi 0.55. Pedi zenye E mwishoni kwenye gari zito la matairi makubwa ni kujitafutia ajali. Diski zenye mifereji husafisha tope na vumbi la pedi. Zile zenye matundu zinapendeza, lakini matundu huziba kwa tope na kingo zake ndipo nyufa huanzia. Mimi naziacha dukani.

Halafu kuna tairi la akiba, ambalo watu hulikumbuka wakiwa tayari wamekwama. Likibaki la ukubwa wa zamani kwenye gari linaloendesha magurudumu yote manne muda wote, difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, italazimika kufidia tofauti ya mizunguko kila sekunde, ikipata joto isiloundiwa. Nunua matano. Na kabla ya kulipa, lala chini ya gari na futi mkononi, upime kama hilo la tano litaingia kwenye nafasi yake.