Pango Kuzidi Rejesho la Mkopo Hakuthibitishi Kwamba Nyumba Inalipa

Wateja wengi wanaotaka niwatathminie nyumba ya kupangisha huja na hesabu ile ile: pango ni 1,000 kwa mwezi, rejesho la mkopo ni 800, kwa hiyo nyumba inajilipa na 200 ni faida. Hesabu hiyo si sahihi, na inasikitisha kuona watu makini wakiitegemea kuweka rehani akiba ya maisha yao.

Pango la 1,000 ni mapato ghafi, tena ya mwezi ambao mpangaji yupo na amelipa. Kwa mwaka ni 12,000, lakini ukiondoa mwezi mmoja ambao nyumba itakaa tupu mpangaji anapohama, zinabaki 11,000. Ondoa tena 1,500 za kodi ya majengo na bima, 1,200 za ukarabati mdogo mdogo, 1,100 za msimamizi anayelipwa asilimia 10 ya pango, na akiba ya 900 kwa ajili ya paa, mabomba na nyaya za umeme, ambavyo vyote huchakaa hata kama leo vinaonekana vizima. Zimebaki 6,300, ilhali benki inadai 9,600. Pengo la 3,300 litazibwa na mshahara wa mwenye nyumba, mwaka baada ya mwaka.

Wapo wanaosema watasimamia wenyewe. Hata hivyo ada hiyo ibaki kwenye hesabu, kwani siku utakapougua au kuhamia mbali utalazimika kuilipa. Wengine hujitetea kwamba rejesho linapunguza deni. Ni kweli, lakini kwa mkopo wa 96,000 wa miaka 20 wenye riba ya asilimia 8, takriban 7,600 za mwaka wa kwanza ni riba tupu.

Kipimo ninachokitaka kwanza ni mapato halisi, kabla ya rejesho la mkopo, yakigawanywa kwa bei ya nyumba. Ikiwa bei ni 120,000, basi 6,300 ni asilimia 5.25 tu. Nyumba inayozalisha asilimia 5.25 haiwezi kubeba mkopo huo wa 96,000 wenye riba ya asilimia 8, na kadiri unavyokopa zaidi ndivyo pengo linavyopanuka.

Husemwa pia kwamba thamani ya nyumba na ardhi haishuki kamwe. Bei za nyumba nchini Marekani zilishuka kwa zaidi ya robo kati ya mwaka 2006 na 2012, na bei za ardhi nchini Japani zilianza kuporomoka mwaka 1991 zikaendelea kushuka kwa zaidi ya muongo mmoja.

Kuhusu dhana kwamba nyumba mpya haihitaji mkaguzi, jibu ni fupi: nyufa za msingi na mifereji iliyojengwa vibaya hufichwa na rangi mpya.

Aidha, usikubali makadirio ya pango kutoka kwa dalali. Mwombe muuzaji mikataba ya wapangaji na taarifa za benki za miezi 24 iliyopita, na akikataa kuzitoa, fanya hesabu kwa pango la chini kabisa linalolipwa katika nyumba za jirani zinazofanana na hiyo.