Miwani ya kuzamia: kabla hujaagiza onlaini, ulize uso wako

Kaskazi ikishaanza na maji yakatulia, Disemba hivi, simu yangu haipumziki. Watu wananitumia picha za miwani ya kuzamia kutoka kwenye intaneti, "kaka hii vipi, niagize?", mwingine anatuma picha tano za rangi tofauti anataka nimchagulie, na wote bei washailinganisha, dukani ni hivi, onlaini ni nusu. Mimi natembeza watu baharini hapa Malindi huu mwaka wa 14, asubuhi nawapeleka kwenye matumbawe ndani ya hifadhi, jioni narekebisha vifaa vya boti letu na vya majirani, na jibu langu huwa moja tu: umeivaa? Kama hujaivaa siwezi kukuambia kitu, hata iwe nzuri vipi kwenye picha.

Januari iliyopita nilikuwa na dada mmoja kutoka Nairobi, amekuja na miwani yake mpya ndani ya boksi lake, ameinunua onlaini, nyota tano, watu maelfu wameisifia. Tukatia nanga, akaingia majini, hata dakika haijaisha kichwa juu, maji yamejaa mpaka kwenye pua. Akamwaga, akakaza kamba, akarudi, akatoka tena akikohoa. Mara ya tatu akashika ngazi ya boti akasema yeye basi, bahari si yake, amejua tangu zamani. Nikamwambia subiri dadangu, nikatoa miwani ya boti, kuukuu, kamba imepauka kwa jua, nikamvisha bila hata kukaza sana. Alikaa majini karibu saa nzima. Alipopanda alikuwa anataka kunihesabia pono wote aliowaona.

Sasa ile miwani yake haikuwa feki wala haikuwa mbovu, nataka hili lieleweke vizuri manake watu wengi wanafikiri hatari ya onlaini ni feki peke yake. Nimeishika mwenyewe, silikoni laini, kioo kimeandikwa TEMPERED kama inavyotakiwa (hicho ni kioo kilichoimarishwa kwa moto, kikipasuka hakitoi vipande virefu vya kukukata macho). Shida ni uso. Yeye uso wake ni mwembamba na mashavu yameingia kidogo, na ule mpira wa pembeni ulikuwa mpana, kwa hiyo pale chini ya jicho unabaki uwazi mdogo ambao kwa kioo cha nyumbani huuoni, lakini maji yanauona.

Na kukaza kamba hakusaidii, hii niiseme kwa herufi kubwa kama ningeweza. Ukikaza sana mpira unajikunja na maji yanaingia zaidi, alafu unatoka na alama kwenye paji la uso siku nzima. Kamba kazi yake ni kuizuia miwani isianguke tu, inayoishikilia usoni ni maji yenyewe yanayosukuma kutoka nje.

Jinsi ya kujaribu ni rahisi na haina gharama. Rudisha nywele zote nyuma, usiache hata unywele mmoja chini ya mpira. Angalia chini kidogo, weka miwani usoni bila kamba, usiibonyeze kwa nguvu, iguse tu. Vuta hewa kwa pua kidogo alafu zuia pumzi, achia mikono. Ikikaa bila kuanguka na husikii hewa ikipita mahali, hiyo ina dalili nzuri. Lakini usiishie hapo, na hapa ndo wengi wanakosea hata madukani: rudia ukiwa na snokeli (ule mrija wa kupumulia) mdomoni. Ukiuma kile kipande cha mpira mashavu yanabadilika, mdomo wa juu unapanda, na miwani iliyokaa vizuri saa ile inaanza kuvuja chini ya pua. Wenye masharubu mnajua, hapo ndo maji hupitia, nyoa kamstari kadogo tu chini ya pua inatosha. Alafu shika pua kwa nje, uone kama vidole vinafika kuibana vizuri, manake ukishuka lazima uibane upulize masikio yafunguke.

Pua lazima iwe ndani ya miwani. Nasema hivi kwa sababu madukani hapa mjini kuna ile miwani midogo ya kuogelea kwenye bwawa, ya macho tu, na kuna vijana wanaoshuka nayo kutafuta pweza. Ukishuka mita 10 hewa iliyoko ndani ya miwani inabanwa inabaki nusu yake. Kama pua iko ndani unapuliza kidogo kwa pua, hewa inajaa, mambo yanakuwa sawa. Kama pua iko nje huna njia ya kuongeza hewa, kwa hiyo miwani inavuta macho, mishipa midogo inapasuka, mtu anapanda juu macho mekundu kama pilipili. Waitaliano wa Cressi, kampuni ya vifaa vya kuzamia, walitoa miwani yenye mfuko wa pua tangu miaka ya 1950 kwa sababu hiyohiyo, si jambo jipya, na bado leo nakutana na mtoto wa miaka 12 anashuka na ya bwawani.

Sasa tuongee ukweli kuhusu maduka, manake mimi si wakala wa mtu. Hapa Malindi ukitaka kifaa cha maana cha kuzamia machaguo ni machache. Vingi vinavyoning'inia mbele ya maduka ni vya kuchezea, plastiki ngumu na kioo cha plastiki, na vingine vimekaa juani pale mlangoni misimu miwili mpaka mpira umekuwa mgumu kama chapati ya jana. Ukibonyeza mpira na haurudi haraka, au una rangi ya njano na harufu kali ya plastiki, acha hapo hapo hata akikupunguzia. Saizi pia ni tatizo, unakuta mapezi (yale ya kuvaa miguuni) ya aina moja tu, namba moja, na muuzaji anakuambia yatanyooka. Hayanyooki. Kwa hiyo mtu akiniambia dukani hakuna kitu ndo mana ameenda onlaini, namwelewa kabisa. Mimi ninachomwambia ni kwamba Mombasa ni kilomita kama 120, nauli ya matatu kwenda na kurudi ni ndogo kuliko kutuma miwani kutoka Ulaya, na kule utakuta wenye vituo vya kuzamia wanaouza vitu vya kweli na watakuacha ujaribu mpaka uchoke. Hata hapa Malindi na Watamu vituo vya kuzamia vina vifaa vya kukodisha, kodisha aina tatu siku tatu tofauti, ukishajua ipi inakukaa ndo ununue hiyohiyo, hata onlaini sawa, manake sasa umeshajua.

Na ile "nusu bei" ya onlaini ihesabu mpaka mwisho. Kastamu hawaangalii bei ya miwani peke yake, wanachukua bei pamoja na usafiri na bima. Tuseme miwani ni dola 60, kuisafirisha 40, hiyo ni 100. Ushuru wa Afrika Mashariki una viwango vya 0, 10, 25 na 35 kwa mia kutegemea bidhaa, tuseme yako imeangukia 25, tayari ni dola 125. VAT ya asilimia 16 inapigwa juu ya hiyo 125, ni dola 20 zingine, 145, na bado hujalipa zile ada ndogondogo za IDF (ya tamko la uagizaji) na RDL (ya reli), na bado mzigo haujapanda gari kuja Malindi. Kuna wauzaji wanaojumlisha kodi kabisa unapolipa, hao afadhali, angalau unajua mwisho wake. Lakini muda je? Msimu wetu mzuri wa kuona chini ni kaskazi, Disemba mpaka Machi. Kusi likiingia na mvua zikanyesha, Mto Sabaki unamwaga udongo, maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa. Mzigo ulioagizwa Januari ukaja Aprili utaukalia mpaka mwisho wa mwaka.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Niliagiza mapezi jozi nne za boti kutoka tovuti moja ya nje, yakaja baada ya wiki saba, na jozi moja kushoto ni 42 na kulia ni 40. Niliwaandikia, wakasema nirudishe kwa gharama yangu alafu watanibadilishia. Gharama ya kurudisha ilikuwa zaidi ya bei ya hayo mapezi. Yako stoo mpaka leo, sikuwahi kuyavalisha mtu.

Mapezi yenyewe yanaumiza watu kuliko miwani, ila watu hawayatilii maanani. Yakibana, misuli ya unyayo na ya shavu la mguu inakaza katikati ya maji, na huko si mahali pa kushikwa na kitu kama hicho. Yakiwa makubwa yanakwangua kisigino, jioni malengelenge. Yajaribu mchana au jioni, si asubuhi mapema, manake miguu huvimba kidogo kwa joto na kutembea. Lowesha miguu kama muuzaji ana maji. Ukishavaa simama, nyanyua vidole vya mbele uone kama kisigino kinachomoka, alafu chezesha vidole, visikunjane. Namba ya viatu peke yake haikutoshi, kampuni hii 42 yake ni 43 ya ile.

Kuna jambo moja linaniuma, ngoja nilitoe. Mtu anaingia kwa mwenye duka, anajaribu miwani sita, anaulizwa maswali, anaelekezwa vizuri, anapiga picha ile iliyomkaa, "ntarudi mzee", akifika nje anaagiza onlaini. Mzee mmoja ninayemjua aliniuliza, "Mwanangu, hawa wanipa kazi ya bure, mie ntaleta mzigo mwengine kwa pesa gani?" Sikuwa na jibu. Kama amekuchukulia nusu saa yake na ameupata uso wako, basi nunua kwake hata kama amezidisha kidogo, au mwambie wazi umeona onlaini bei fulani, mara nyingi atashuka. Akifunga lile duka mwakani hatutakuwa na mahali pa kujaribia hata kidogo.

Vitu visivyojali mwili wako nunua popote, sina ugomvi. Torchi ya majini, kisu, begi lisiloingia maji, kamba ya miwani ya akiba, snokeli pia, hizo onlaini ni rahisi na machaguo ni mengi. Wenye macho ya kuvaa miwani ya hospitali, lenzi za kuzamia zinaagizwa kwa namba ya daktari, ila lazima zilingane na modeli ya miwani yako, kwa hiyo miwani kwanza, lenzi baadaye. Wetsuti, ile nguo ya mpira ya kuzuia baridi, usidanganywe na ofa za zile nene za milimita 5 na 7, hizo ni za maji baridi ya kwao. Hapa kwetu milimita 3 inatosha kabisa, wengi hata fulana ya mikono mirefu inawatosha, na ile nene inaelea zaidi kwa hiyo utalazimika kufunga vipande vingi vizito vya risasi kiunoni ndo uzame.

Regyuleta ni hadithi nyingine kabisa. Hiki ndo kifaa cha mdomoni kinachokupa pumzi kutoka kwenye chupa ya hewa ukiwa mita 18 chini, sikishauri kununuliwa onlaini na mtu ambaye hajazungumza na fundi wake. Inafunguliwa na kufanyiwa sevisi kwa ratiba ya kampuni, wengi ni kila mwaka, na fundi anahitaji vipuri vya modeli hiyohiyo. Ukileta kampuni ambayo hakuna anayeihudumia hapa pwani, utakuwa na pambo la ukutani. Muulize pia kituo unachozamia chupa zao zina vali ya DIN au yoki, manake hizo ni namna mbili tofauti za kufunga regyuleta kwenye chupa. Na kampuni nyingi garantii yao haitambui kifaa kilichonunuliwa kwa muuzaji asiyeidhinishwa, hiyo isome kabla ya kulipa. Vya mitumba vilivyoachwa na wageni, vya kampuni za Mares na Cressi viko vingi hapa kwa sababu ya Waitaliano wetu, miwani na mapezi chukua ukijaribu, regyuleta ipitie kwa fundi kwanza.

Ukishapata miwani mpya, usikimbilie baharini. Kiwandani kioo hubaki na utando wa silikoni unaoleta ukungu hata uteme mate namna gani. Chukua dawa ya meno nyeupe ya kawaida, si ile ya jeli, sugua ndani kwa kidole dakika kadhaa, suuza, rudia mara mbili tatu. Kama maelezo yanasema kioo kimepakwa dawa maalum, au ni cha plastiki, usisugue. Alafu kila ukitoka baharini maji baridi yasiyo chumvi, kausha kivulini.

Yule dada wa Nairobi nilimwelekeza apitie Mombasa akirudi. Siku mbili baadaye nikapata picha kwenye simu: yuko dukani, snokeli mdomoni, miwani imejishikilia usoni bila kamba, na mikono yote miwili ameinyanyua juu. Chini ameandika, "Ya saba hii kaka!"