Je, Wajua? Kwa Nini Mporaji wa Barabarani Kaskazini mwa Kenya Huitwa Shifta

Basi likitekwa na watu wenye bunduki kati ya Nairobi na Nakuru, gazeti litaandika "majambazi". Likitekwa kati ya Garsen na Lamu, au kwenye njia ya Isiolo kwenda Moyale, utasikia wazee wakisema "mashifta". Bunduki ni zilezile, na abiria wameporwa simu na pesa vilevile. Kilichobadilika ni mahali tu. Basi kwa nini mahali pabadilishe jina la mwizi?

Neno lenyewe limetoka Ethiopia. Kwa Kiamhari na Kitigrinya, shifta ni mtu aliyeasi akaingia porini na silaha yake, na kitenzi chake kina maana ya kuasi. Wizi haumo katika mzizi wa neno. Mtu alikuwa shifta tangu siku aliyokataa kumtii mfalme au mkuu wa jimbo, hata kama bado hajamwibia mtu kitu. Uporaji ulifuata kwa sababu ya njaa: aliyeko porini na wafuasi hamsini halimi wala hakusanyi ushuru, kwa hiyo hula misafara ya wafanyabiashara na ng'ombe wa watu.

Ndiyo maana huko kwao neno hili lilibeba lawama na sifa kwa pamoja. Kwa mwana wa ukoo mkubwa aliyenyimwa cheo, kuingia porini ilikuwa njia ya kudai haki yake: ama mfalme amwinde, ama amsamehe na kumpa jimbo atawale. Mfano unaojulikana zaidi ni Kassa Hailu wa Qwara. Miaka ya 1840 aliishi kama shifta, mwaka 1853 akamshinda Ras Ali, mkuu aliyeshika madaraka wakati ule, na 1855 akatawazwa kwa jina la Tewodros II, mfalme wa wafalme. Yohannes IV, aliyetawala baadaye, naye alipitia njia hiyohiyo kule Tigray.

Watawala wa kigeni walilichukua neno na kuacha ile nusu ya sifa. Waitaliano walipoikalia Ethiopia, 1936 hadi 1941, waliwaita shifta wapiganaji waliobaki milimani, ilhali Waethiopia wenyewe waliwaita arbegnoch, yaani wazalendo. Miaka ishirini baadaye Addis Ababa nayo ikafanya hivyohivyo kwa Waeritrea. Hamid Idris Awate, aliyeanzisha vita vya Eritrea vya kujitenga na Ethiopia Septemba 1961, aliwahi kweli kuwa shifta miaka ya 1940, na serikali haikuona haja ya kumtafutia jina jingine.

Kenya ililipokea neno likiwa limeshafika hapo. Mwaka 1962 tume ya Waingereza ilizunguka Wilaya ya Mpakani ya Kaskazini kuuliza wenyeji wanataka nini, na ikakuta kwamba wengi, hasa Wasomali, walitaka kujiunga na Somalia. Hawakukubaliwa. Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963, na kabla ya mwezi kwisha hali ya hatari ilikuwa imetangazwa kaskazini mashariki. Serikali ya Jomo Kenyatta iliwaita wapiganaji wa kujitenga mashifta, na jina hilo lilikuwa na kazi yake. Ukimwita mtu mwasi, unakiri kwamba kuna mgogoro wa mpaka. Ukimwita shifta, umeligeuza jambo kuwa la polisi. Hata hivyo lilitumwa jeshi, mabomu ya ardhini yakategwa barabarani, na wafugaji wakakusanywa kwenye vijiji vya kulindwa ambako mifugo yao ilikosa malisho. Vita vilikwisha kwa makubaliano ya Arusha, Oktoba 1967, Rais Kenneth Kaunda wa Zambia akiwa mpatanishi kati ya Kenya na Somalia.

Siasa ikaisha, neno likabaki. Likahamia kwa yeyote mwenye bunduki katika nyika ile: mwizi wa mifugo, jangili wa pembe za ndovu, mteka mabasi. George Adamson, yule mlezi wa simba, alipopigwa risasi kule Kora mnamo Agosti 1989, waliomuua walielezwa duniani kote kuwa ni mashifta.

Sasa tuje kwenye barabara. Mporaji wa njia hutegemea kitu kimoja tu, mwendo wa gari. Ile njia ya Isiolo hadi Moyale ni karibu kilomita 500, na kabla ya lami lori lilichukua siku mbili au tatu. Lilikuwa lori la ng'ombe, abiria wakiwa wameketi juu kwenye vyuma, wakiyashika kwa mikono miwili. Mahali pa kuvizia palikuwa pale ambapo dereva hana budi kurudi gia ya kwanza: kwenye laga, yaani mkondo mkavu wenye mchanga mwingi, kwenye mlima wa mawe, au kona iliyobanwa na vichaka. Mmoja husimama mbele na bunduki, wengine hutokea ubavuni. Dereva akijaribu kupita, hupigwa matairi au yeye mwenyewe. Gari likisimama, huingizwa kichakani lisionekane na wanaokuja nyuma.

Dawa iliyotumika ni msafara wa eskoti: magari yanakusanyika kwenye kizuizi, polisi mbele na nyuma, kisha yanaondoka pamoja. Udhaifu wake ni vumbi. Dereva wa pili haoni mbele, hivyo anaachia nafasi, wa tatu naye vivyo hivyo, na baada ya muda mfupi msafara umeshanyooka kilomita kadhaa na gari la katikati halina askari karibu. Lori moja likipasua tairi, ama wote wasubiri porini, ama liachwe. Na saa ya kuondoka ikiwa ileile kila siku, hata anayevizia huijua. Lami ilipofika Moyale katikati ya miaka ya 2010, mwendo ukapanda na laga zikajengewa madaraja. Nadhani hilo lilifanya kazi kubwa kuliko bunduki za eskoti.

Katika matumizi, wingi ni mashifta na hali yenyewe ni ushifta: "shifta amekamatwa", "mashifta wameteka basi". Jambazi ni mpana zaidi, huvamia benki au nyumba popote. Haramia siku hizi anajulikana zaidi baharini. Tanzania shifta halijashika sana; huko utasikia majambazi au watekaji. Mahakamani halitumiki kabisa: Kenya aliyeteka basi kwa silaha hushtakiwa kwa wizi wa mabavu, kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu, na Tanzania ni unyang'anyi wa kutumia silaha.

Jihadhari kidogo unapolitumia leo. Miaka ya vita neno hili lilibandikwa kwa kila Msomali aliyesimamishwa kwenye kizuizi, na bado hutumika kama tusi. Ukiandika habari ya uporaji ambao waliohusika hawajajulikana, "waporaji wenye silaha" inatosha. "Vita vya Shifta" ni jina la historia na halikwepeki, ingawa waliopigania kujitenga hawakujiita hivyo.