Roketi ya mbali: tazama chini, usitazame utosini

Mara ya kwanza nilipoisubiri roketi nikiwa karibu na nyumbani, kilomita 300 hivi kutoka inakorushiwa, niliikosa. Saa ilitimia, nikahesabu hadi sitini, mbingu kimya. Nikajua wameahirisha, nikageuka kurudi ndani. Ndipo ilipochomoza, nami nimeipa mgongo. Na fizikia ndiyo kazi yangu!

Nilisahau kwamba dunia ni mviringo, hivyo ina nundu inayoficha kilicho mbali. Chukua umbali kwa kilomita, uuzidishe kwa wenyewe, kisha ugawanye kwa 12,742, yaani kipenyo cha dunia. Kwa kilomita 300 unapata 7 hivi: roketi ikiwa chini ya kimo cha kilomita 7, huioni hata ukiwa na darubini. Na kwa kuwa roketi kubwa huondoka kwa kujikongoja, karibu dakika nzima ya mwanzo inakupita. Ukiwa umbali wa kilomita 1,000, kimo kinachofichwa ni karibu kilomita 78. Hesabu muda kwa saa yako, maana matangazo ya moja kwa moja ya intaneti huchelewa.

Jambo la pili ni mahali pa kukodolea macho. Sehemu ya kwanza, yaani ya chini, ya Falcon 9 (roketi ya kampuni ya SpaceX) huzima injini baada ya dakika mbili na nusu hivi, ikiwa kwenye kimo cha kilomita 70 hivi. Kutoka nilipokuwa, hapo ni kama nyuzi 12 tu juu ya upeo wa macho. Nyosha mkono, kunja ngumi: ngumi moja ni nyuzi 10. Mti mmoja wa jirani unatosha kukuharibia kila kitu.

Kisha utaiona kama inashuka. Haianguki. Ili setilaiti ibaki angani inahitaji mwendo wa kwenda mbele, kama kilomita 28,000 kwa saa, kwa hiyo roketi hulala ubavu mapema na kutokomea ng'ambo ya nundu ileile.

Ngurumo usiisubiri. Sauti ingehitaji karibu dakika 15 kukufikia, na hufifia njiani. Setilaiti nyingi huwa zimeshafika kwenye mzunguko kwa dakika 9.

Mchana utaona mstari mweupe, pengine usione kitu. Usiku ni nukta ya moto. Lakini ikirushwa muda mfupi baada ya jua kuzama, au kabla halijachomoza, usilale! Wewe uko gizani, yenyewe iko juani. Huko juu hewa ni haba mno, hivyo gesi za injini hutawanyika na kung'aa kama konyeza mkubwa anayeogelea angani.

Katikati ya konyeza huyo mwanga utazimika ghafla. Usiondoke. Sekunde chache baadaye utawaka mwingine, hafifu zaidi: injini ya sehemu ya pili.